Pikipiki za matairi manne za watoto: ya kukamilisha kabla hujaagiza mzigo wa kuuza Mbeya au Iringa

Mfanyabiashara anayetaka kuingiza pikipiki za watoto za matairi manne huanza na bei ya China, kisha anauliza mzigo utakaa siku ngapi bandarini. Umri wa mtoto atakayepanda huulizwa mwisho, au hauulizwi kabisa. Hapo ndipo sheria za usalama wa bidhaa zinapomkuta, kwa sababu nchi zilizokaa chini na kuzipangia bidhaa hizi sheria zimeangalia zaidi umri wa dereva na kasi ya chombo kuliko ukubwa wa injini. Ukiagiza kwa kutazama picha na bei tu, unaweza kuwa na stoo imejaa pale Mwanjelwa na bado ukawa huna mteja unayeweza kumuuzia kwa amani.

Mwongozo huu ni kwa mwenye duka anayeagiza mwenyewe, au anayechangia kontena na wenzake wa Kariakoo halafu anapandisha mzigo kwa lori hadi Makambako, Iringa au Mbeya mjini. Anayekodisha kwenye viwanja vya watoto msimu wa sikukuu naye asome, hasa hatua ya tano na ya sita.

Hatua ya 1: Tenganisha kichezeo na chombo cha moto

Katalogi moja ya muuzaji wa Yongkang au Guangzhou huko China inaweza kuweka ukurasa mmoja kigari cha betri ya volti 12 kinachokwenda taratibu kama mtu anayetembea, na chini yake pikipiki ya petroli ya 110cc. Mteja anaona vyote ni vya watoto. Sheria inaona vitu viwili tofauti.

Kigari cha kuchaji ni kichezeo. Forodha hukiweka kwenye kifungu 9503, pamoja na baiskeli ndogo za matairi matatu na vichezeo vingine. Kipikipiki cha matairi mawili chenye injini kinakwenda 8711, na cha matairi manne kwa kawaida 8703. Kuna watu hushauriwa waandike kila kitu "vichezeo" ili ushuru upungue. Huo ni udanganyifu kwenye nyaraka za forodha, na kontena likifunguliwa na kukaguliwa, anayejibu ni yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Mshauri wenu wakati huo hatapokea simu.

Ulaya wamelimaliza jambo hili kwa maandishi. Maelekezo yao ya usalama wa vichezeo ya mwaka 2009, yenye namba 2009/48/EC, yanasema wazi kwamba hayahusu vyombo vya kuchezea vyenye injini inayochoma mafuta. Kwako wewe wa Mbeya maana yake ni hii: ukiomba cheti cha pikipiki ya petroli na muuzaji akakutumia karatasi iliyoandikwa EN 71, amekutumia karatasi ya bidhaa nyingine, kwa sababu EN 71 ni kiwango cha vichezeo. Pikipiki za matairi manne kwa Ulaya zina EN 15997, na kwa Marekani zina ANSI/SVIA 1. Ulizia namba hizo. Anayezifahamu atakujibu siku hiyo hiyo. Asiyezifahamu ataanza kukupunguzia bei.

Alama ya CE, inayodai kwamba bidhaa imekidhi sheria za Ulaya, peke yake isikutulize. Kwa bidhaa nyingi mtengenezaji huiweka mwenyewe kwa tamko lake, kwa hiyo omba tamko lenyewe lililosainiwa, lenye jina la modeli unayonunua.

Hatua ya 2: Agiza kwa umri na kasi, achana na cc

Mitaani bado tunapanga kwa cc: 49 ya mtoto mdogo, 110 ya mkubwa kidogo, 125 ya kijana. Marekani nao walipanga hivyo zamani. Kiwango chao cha mwaka 2007 kikaachana na ukubwa wa injini, kikahamia kwenye kasi, kwa sababu injini mbili za ukubwa mmoja zinaweza kutofautiana sana mwendo kutokana na gia na namna zilivyofungwa.

Makundi yao ni rahisi kuyakariri. Chombo cha mtoto wa miaka 6 na kuendelea kisizidi kilomita 24 kwa saa hata kikifunguliwa chote, na kitoke kiwandani kimebanwa kwenye 16. Cha miaka 10 na kuendelea kisizidi 48, na kitoke kimebanwa kwenye 24. Cha kijana wa miaka 14 na kuendelea kisizidi 61. Vya watu wazima vinaanzia miaka 16. Chini ya miaka 6 hakuna kundi.

Sheria hiyo ni ya kwao na haikulazimishi wewe wa Iringa. Lakini viwanda vingi vya China vinavyouza nje vinayafahamu makundi haya, kwa hiyo ukiyaandika kwenye oda unaeleweka. Andika hivi: modeli fulani, kundi la umri fulani, kasi ya juu kiasi fulani, na kibano cha kasi kiwepo. Oda iliyoandikwa "110cc nyekundu, vipande 12" inampa kiwanda uhuru wa kukuletea chochote chekundu.

Dukani utakutana na maneno kama haya:

"Kaka, mwanangu ana miaka minane ila mwili mkubwa. Nipe hiyo ya 110."

"Mama, mwili sawa. Tumkalishe kwanza. Vidole vyake vinafika kwenye breki bila kuachia usukani?"

Mara nyingi havifiki, na mama anaona mwenyewe kwa macho yake. Mtoto akikaa, magoti yasiguse usukani, nyayo zikae bapa kwenye sehemu ya miguu, na vidole viwili vishike breki akiwa ameushika usukani sawasawa. Ukimwonyesha mzazi hivyo hutahitaji kumsomea kifungu cha sheria.

Hatua ya 3: Jua kilichowapata wauzaji wa Marekani mwaka 2009

Nakaa kidogo hapa kwa sababu kisa hiki kinafundisha jinsi sheria ya usalama inavyoweza kusimamisha mauzo ya bidhaa ambayo hakuna aliyeikusudia.

Mwaka 2007 vichezeo vingi viliondolewa sokoni Marekani kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto anayekua. Bunge likapitisha sheria kali ya kuboresha usalama wa bidhaa za walaji, ikasainiwa Agosti 2008. Iliweka ukomo wa madini ya risasi kwenye bidhaa yoyote ya mtoto wa miaka 12 kushuka chini: sehemu 600 kwa milioni kuanzia Februari 2009, kisha 300 mwezi Agosti mwaka huohuo, na baadaye 100 kuanzia Agosti 2011. Ukomo ukagusa hadi bidhaa zilizokwisha kuwa stoo.

Waliotunga walifikiria vichezeo. Lakini pikipiki za watoto nazo ni bidhaa za watoto, na metali za mchanganyiko kwenye valvu za matairi, mikono ya breki na vichwa vya betri zina risasi kidogo inayorahisisha kuzichonga. Wauzaji wakatoa pikipiki hizo maonyeshoni, wakazifungia stoo, na mtaji ukalala. Wazazi wengine hawakusubiri. Mashine ya mtoto ikikosekana, ya mtu mzima ipo, na hatari ya mtoto kupindukiwa na mashine kubwa ni kubwa mno kuliko ile ya kushika valvu ya tairi. Tume yao ya usalama wa bidhaa za walaji, CPSC, iliona hatari hiyo, na mwezi Mei 2009 ikasitisha kwa muda utekelezaji wa ukomo huo kwa pikipiki hizi. Agosti 2011 sheria ikarekebishwa na zikaondolewa kwenye ukomo wa risasi iliyo ndani ya vipuri.

Mambo mawili ya kuchukua. Kwanza, usijaze stoo ya miaka miwili. Sheria inaweza kubadilika mzigo ukiwa umekaa, na haitakuuliza uliununua lini. Pili, usijidanganye kwamba kutokuwa na ya mtoto dukani ni ruhusa ya kumpa mtoto ya mkubwa. Mteja akikosa saizi, mwambie imekwisha, arudi mzigo ukifika.

Australia nao walibana kwa njia yao. Kiwango chao cha mwaka 2019 kilianza Oktoba 2020 kwa maonyo ya kupinduka na masharti ya breki na mengineyo, na Oktoba 2021 kikataka pikipiki za kazi za shambani ziwe na chuma cha kumkinga dereva zinapopinduka. Honda na Yamaha waliona afadhali waache kuuza za shambani huko. Kwa hiyo ukisikia mzigo wa bei ya kutupa umetoka kwenye soko fulani, uliza kwanza kwa nini umeshindikana huko.

Hatua ya 4: Karatasi kabla ya pesa

Hapa nyumbani msingi ni Sheria ya Viwango namba 2 ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Tangu mwaka 2012 kuna utaratibu wa kukagua bidhaa huko huko zinakotoka, kupitia mawakala waliopewa kazi na TBS, na mzigo unaokidhi hupewa cheti cha ulinganifu kabla haujapanda meli. Mzigo ukifika bila cheti unakaguliwa hapa, na gharama na ucheleweshaji ni vyako. Ukishindwa, kurudisha au kuteketeza ni kwa pesa yako pia.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu. Pata proforma, yaani ankara ya awali, yenye modeli na namba ya kiwango. Nenda nayo ofisi ya TBS ya kanda hapa Mbeya, au kwa wakala wako wa forodha, uulize bidhaa hii inapimwa kwa kiwango gani. Ukishajibiwa ndipo ulipe malipo ya awali, na kwenye makubaliano ya malipo andika kwamba salio halitoki mpaka cheti kitoke. Muuzaji akikataa sharti hilo, tafuta mwingine. Wapo wengi.

Wanaochangia kontena wana tatizo lao. Cheti na nyaraka za forodha huwa kwa jina la mkusanyaji, na wewe unabaki na risiti ya mkononi. Siku mkaguzi akiingia dukani kwako huna cha kumwonyesha. Dai nakala ya cheti na ya nyaraka za kutolea mzigo, na uhakikishe bidhaa yako imetajwa humo. Mkusanyaji akisema "usijali, vyote vimepita pamoja", hapo ndipo pa kuanza kujali.

Kuhusu majina makubwa ya Kijapani yaliyobandikwa kwenye plastiki ya kiwanda kisichojulikana: hizo ni bidhaa bandia, na Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kuzikamata na kuziteketeza. Agiza zenye jina la kiwanda chenyewe.

Hatua ya 5: Fungua boksi mbele ya fundi

Pikipiki hizi huja nusu zimefungwa, na kufunga matairi, usukani na breki ni kazi yako. Usimwachie mteja afunge nyumbani.

Anza na bati la utambulisho kwenye fremu. Lina namba ya chombo, na linapaswa kufanana na karatasi. Piga picha. Kisha bonyeza kishikio cha mafuta kwa kidole gumba hadi mwisho na uachie: kirudi chenyewe kwa haraka, usukani ukiwa umenyooka, ukiwa umekatwa kushoto, na ukiwa umekatwa kulia. Kama kinanata upande mmoja, waya wake umepita vibaya, na chombo hicho hakiuziki mpaka kirekebishwe. Vuta kamba ya dharura inayofungwa mkononi mwa mtoto. Injini izime hapohapo. Weka breki ya kuegesha kwenye mteremko, isimame. Breki hiyo na kasi iliyopita kiwango ni miongoni mwa kasoro zilizoifanya CPSC ya Marekani kuondoa sokoni pikipiki za watoto, kwa hiyo si kipengele cha kupitia juujuu. Angalia pia kinga ya mnyororo na ya ekzosi, maana mguu wa mtoto uko karibu navyo.

Upepo wa matairi una mkasa wake huku kwetu. Matairi haya mapana hujazwa upepo kidogo sana, paundi chache tu, na kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Mjaza upepo wa bodaboda akiona tairi laini anajaza hadi ligume kama la pikipiki ya barabarani. Matokeo yake chombo kinadunda kwenye kila jiwe na mtoto anashindwa kukishika. Mwandikie mteja kipimo kwenye karatasi, na mwambie anunue kigeji cha paundi ndogo.

Maonyo yakija kwa Kichina au Kiingereza tu, chapisha stika ya Kiswahili ubandike pembeni bila kufunika ya kiwandani: umri, mtu mmoja tu, kofia ngumu, si ya barabarani, mtu mzima awepo. Kwa vigari vya kuchaji, kagua chaja. Iwe ya volti zile zile za betri, na plagi yake iwe ya pini tatu za bapa tunazotumia, isiwe ya kubahatisha na adapta ya elfu mbili.

Hatua ya 6: Linda kibano cha kasi

Hatua hii ni ya watu wa nyanda za juu hasa. Mbeya mjini tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kwa kanuni ya mafundi injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila unapopanda mita 300. Kipikipiki kilichojaribiwa vizuri pale Kariakoo kikipanda huku kinalegea. Mteja wa Uyole anarudi wiki ya pili: "Bosi, haina nguvu. Kamlima ka nyumbani tu kanaishinda."

Fundi wa jirani anajua dawa ya haraka. Karibu na kishikio cha mafuta kuna skrubu ndogo yenye nati ya kufungia, ambayo ndiyo inayozuia kidole kisibonyeze hadi mwisho. Ukiilegeza nje, kishikio kinafunguka chote na chombo kinapata uhai. Ndicho kibano cha kasi chenyewe. Kikishatolewa dukani kwako, umeuza kitu tofauti na kile kilichopewa cheti, na mtoto akiumia, mkono wako umo.

Dawa halali ipo. Toa plagi ya injini, ile inayotoa cheche, uitazame. Ikiwa nyeusi na ina masizi makavu, injini inapata mafuta mengi kuliko hewa. Fundi aweke jeti ndogo kidogo ya kabureta na kusafisha kichungi cha hewa. Nguvu inarudi kwa sehemu, kasi ya juu inabaki ilipokuwa. Chapa tone la rangi juu ya nati ya kibano siku unayouza, ili chombo kikirudi ujue kama kimeguswa. Kukifungua kibano zaidi kadiri mtoto anavyozoea ni uamuzi wa mzazi na maelekezo ya kitabu, huko kwao.

Hatua ya 7: Uuzaji wenyewe

Uliza umri kabla ya kutaja bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumwambia mzazi "hii hata wa miaka minne anapanda" wakati bati linasema 10 ni kumpotosha.

Mwambie mapema kuhusu barabara. Mtoto hana leseni, chombo hakijasajiliwa, hakina bima. Njia ya mtaa iliyo wazi kwa magari ni barabara hata kama ni ya vumbi. Mahali pake ni shambani, kiwanjani, uani. Masika, udongo mwekundu wa huku unateleza vibaya, na miteremko ya Mufindi au Rungwe si ya mtoto anayejifunza. Uza kofia ngumu ya saizi ya mtoto pamoja na chombo. Mimi ningeiweka ndani ya bei moja kwa moja.

Toa risiti ya EFD. Halafu weka daftari: namba ya chombo, modeli, tarehe, jina na simu ya mnunuzi. Mweleze kwamba namba yake ni kwa ajili ya kumtafuta kukiwa na tatizo la usalama, na usiitumie kumtumia matangazo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hatua ya 8: Kasoro ikijulikana baada ya kuuza

Kabla ya kila oda tafuta jina la kiwanda na modeli kwenye orodha za bidhaa zenye kasoro za CPSC ya Marekani na Safety Gate ya Ulaya. Zote zinasomwa bure mtandaoni. Modeli ileile huuzwa kwa majina mengi, kwa hiyo linganisha picha na namba pia.

Ukikuta yako imo, au wateja wawili wakaleta tatizo moja la breki au usukani, simamisha uuzaji siku hiyo. Toa zilizo mbele ya duka, fungua daftari upige simu, waambie waache kutumia. Toa taarifa FCC na TBS kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri, na mwandikie muuzaji wa China ukiambatanisha picha na namba za vyombo.

Kishawishi kikubwa kwa sisi tulio kwenye njia ya mpakani ni kuzisukuma zilizobaki kwa mnunuzi wa Tunduma au Kasumulu. Zambia ina Wakala wa Viwango vya Lazima, ZCSA, na Malawi ina shirika lake la viwango, MBS. Mnunuzi wa Nakonde au Karonga anapokamatwa na mzigo huo, karatasi ya kwanza anayotoa mfukoni ni risiti yako.